Rangi Iliyowaita Nyuki

Tumpe Mwaisaka alipanda juu ya paa la hospitali ya wazazi kwa kazi ndogo tu, kupima kama vigae vya umeme wa jua vilikuwa vimechuja rangi tangu vilipowekwa mwaka uliopita. Alikuta mfereji wa maji ya mvua umeziba. Akadhani ni majani makavu, akaingiza mkono ayatoe, na alipoufumbua mkono juani akaona ameshika konzi ya nyuki waliokufa.

Walikuwa wepesi kama pumba za mtama. Akatazama mbele. Mfereji wote, kutoka pembe moja ya paa hadi nyingine, ulikuwa umejaa namna hiyohiyo, nyuki juu ya nyuki, wale wa chini wameshasagika kuwa vumbi la kahawia. Na juu ya vigae vyenyewe walikuwapo walio hai. Mmoja alishuka karibu na goti lake, akatembea juu ya kioo cha kigae, akatoa ulimi akakilamba, akaruka, akashuka tena palepale. Akarudia, akarudia. Mwishowe akalala ubavu huku miguu ikimtetemeka, akateleza taratibu kufuata mteremko wa paa mpaka akaangukia mferejini kwa wenzake.

Vigae vile vilikuwa na rangi ya binzari, manjano iliyokolea hadi kukaribia chungwa, na rangi hiyo hakuibuni mtu mwingine ila Tumpe mwenyewe.

"Tumpe! Umelala huko juu?"

Sauti ilitoka chini uani. Ilikuwa ya Felista Mghenyi, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha jirani. Tumpe alikuwa akiishi kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake tangu alipohamia Singida kutoka Tukuyu, na kwa miaka hiyo yote walikuwa wamekula chungu kimoja.

"Nashuka, dada!"

"Kuna nini? Mbona kimya?"

"Majani tu. Yameziba mfereji."

Ulimi ulisema kabla akili haijaamua. Tumpe aliwatia wale nyuki kwenye mfuko wa koti lake jeupe, akashuka ngazi akikwepa kumtazama Felista usoni.

*

Wakati huo mabwawa makubwa ya nchi yalikuwa yameshakauka. Mahali palipokuwa na maji ya kuzungusha mitambo palibaki tope lililopasuka, na zile nyaya nene zilizopita juu ya mbuga za Singida hazikuwa na kazi tena zaidi ya kubeba viota vya kunguru. Kila mji ulijitafutia umeme wake. Singida uliupata kwenye mapaa.

Kigae chenyewe hakikuwa na maajabu. Vioo viwili vyembamba, katikati yake chokaa nyeupe ya madini iliyopakwa laini kuliko poda ya mtoto, na rangi iliyonyweshwa ndani ya chokaa hiyo. Jua likiipiga rangi, rangi inaachia umeme kama mti unavyoachia maji ya utomvu. Kila kitu hapo kingeweza kutengenezwa na fundi wa kawaida, isipokuwa rangi. Za kwanza, zilizokamuliwa kwenye maua ya choya, zilipauka kabla ya masika kwisha. Ndipo kiwanda cha vigae kikamwita Tumpe, mkemia aliyekuwa akiumba rangi kwa mafuta ya maganda ya korosho.

Rangi ya Sita, jaribio lake la sita, ilidumu. Lakini betri za hospitali zilizojazwa nayo ziliishiwa nguvu saa nane za usiku. Wakati wa kipupwe, kati ya saa nane na mapambazuko, vitanda vya joto vya watoto njiti vilipoa na mashine za hewa zilinyamaza. Asubuhi moja Felista alirudi kazini akakaa kizingitini bila kuvua viatu. Tumpe alipomletea uji hakuugusa.

"Nipe masaa manne," alisema Felista. "Wewe si ndiye mwenye kujua rangi? Sitaki kitu kingine duniani. Nipe hayo masaa manne tu."

Rangi ya Saba ilitokana na maneno hayo. Iliwaka usiku kucha hata Julai, na kipupwe kilichofuata Felista hakukaa tena kizingitini.

*

Kesho yake Tumpe hakwenda maabara. Alichukua kigae cha Sita, kigae cha Saba na kioo kitupu, akavibeba mpaka Mtinko, kwenye shamba la Bwana Njiku, mkulima wa alizeti aliyekuwa akimuuzia mafuta. Alijua msimu uliopita shamba lile lilitoa mapepe, maganda matupu yasiyo na kiini. Mashamba yote ya upande ule yalitoa mapepe. Watu walilaumu mbegu, wengine wakalaumu upepo, na mafuta ya kula yakawa ya kuulizia kwa minong'ono.

"Karibu, Daktari," alisema Njiku, akimsaidia kushusha mzigo. "Umekuja kuniwekea umeme shambani?"

"Nimekuja kupima mwanga, Bwana Njiku. Sitakawia."

"Pima. Ila usinivunjie matumba ya maua. Wiki ijayo yanafungua, na mwaka huu nimeapa, nimenunua mbegu ya Dodoma, ile ya bei mbaya." Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Mwaka jana nilimtukana muuza mbegu pale sokoni mbele za watu. Mzee wa watu, hata hakunijibu."

Tumpe akavilaza vioo vitatu kwenye kichuguu, akarudi nyuma kivulini akangoja. Kioo kitupu hakikupata mgeni. Kigae cha Sita, chenye rangi ya kahawia, kilipitiwa na nyuki mmoja aliyepaa bila kutua. Kwenye kigae cha Saba haukupita hata muda wa kunywa chai. Walikuja wawili, kisha kumi, kisha akaacha kuhesabu. Walikuja wakitoka kwenye vichaka vilivyokuwa vimechanua maua ya kweli, wakayapita, wakaja kulamba kioo.

Akatoa kamera aliyoiazima maabara, ile inayoona mwanga ulio nje ya macho ya binadamu lakini ndani ya macho ya nyuki. Akaielekeza kwenye kigae.

Katikati ya kigae palikuwa na weusi wa duara. Kuzunguka weusi huo kingo zilimeremeta. Tumpe aligeuza kamera kwenye ua moja la alizeti lililowahi wenzake kufunguka kando ya njia. Weusi katikati, mmeremeto pembeni. Lakini ua lile lilionekana hafifu, kama picha iliyofifia ya kigae chake.

Alielewa papo hapo, na kuelewa kulimkata maini. Molekuli ya rangi ina kichwa kinachopokea mwanga, daraja linalopitisha umeme, na nanga inayoing'ang'ania chokaa. Molekuli za Rangi ya Sita zilibanana mno, zikaibiana mwanga. Katika ya Saba alizibandika kichwani matawi madogo kama manyoya ili zisimame mbalimbali, na umeme ukapanda. Manyoya hayo ndiyo yaliyokuwa yakirudisha angani ile miale ya macho ya nyuki, hasa kwenye kingo ambako rangi ilikaa nyembamba. Miezi mizima alikuwa ameketi mbele ya mashine ya hesabu akiiwekea masharti: rangi ishike mwanga, isichuje, itokane na korosho. Mashine ilitimiza kila alichoomba. Nyuki hakuwataja, na mashine haikuwafikiria.

"Umeona nini?" Njiku aliuliza kutoka mbali.

"Bado napima," alijibu Tumpe, akaufunika mdomo wake kwa mkono kana kwamba anakohoa.

*

Mkurugenzi wa kiwanda, Hamduni Kisuda, alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakuwa mtu mbaya. Vigae vya kwanza vya mji alivipandisha mwenyewe juu ya paa la shule, akaanguka, na tangu siku hiyo alitembea akichechemea.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Hakuna."

"Keshokutwa Tume ya Nishati ya Kanda iko hapa. Wakitia sahihi, Rangi ya Saba inakwenda Dodoma, Tabora na Manyara. Unalijua hilo."

"Ndiyo maana nimekuja leo, Mkurugenzi."

Kisuda alisimama, akaenda dirishani, akakaa tena. "Sikiliza, Daktari. Ukisema, hawatasema 'rekebisheni kidogo.' Mtu aliyekosa mafuta mwaka mzima akisikia vigae vimeua nyuki wake, atapanda juu ya paa na mawe. Hataulizia hiki ni cha Sita au cha Saba. Tutarudi gizani sote."

"Na nikinyamaza, Tabora nayo itavuna mapepe."

"Msimu mmoja. Tutasambaza, halafu tutarekebisha kimyakimya."

"Nyuki hawangoji msimu. Mizinga ya Mtinko imebaki nusu. Ikiisha, hakuna kiwanda cha kutengeneza mingine."

Kisuda aliegemeza viwiko mezani. "Dawa unayo?"

"Ninayo. Rangi ya pili, nyeusi. Tukiinywesha juu ya ile ya kwanza, inafunika ule mmeremeto. Nyuki atakiona kigae kama jiwe. Na malighafi ipo, naweza kuutosheleza mji mzima."

"Na hasara?"

"Rangi nyeusi inajinyakulia mwanga bila kutoa umeme. Tutapoteza theluthi."

Kisuda alivuta pumzi. Hakuhitaji kikokotoo. "Theluthi ni kurudi saa nane usiku."

"Ndiyo."

"Umemwambia Felista?"

Tumpe akainamisha kichwa, akatazama mfuko wa koti lake.

"Mwambie," alisema Kisuda kwa upole uliomuuma kuliko ukali. "Mwambie yeye kwanza, kisha uje uniambie kama bado unataka kusema hadharani."

*

Alimkuta Felista jikoni akisonga ugali wa uwele, mlenda ukitokota pembeni. Tumpe aliketi kwenye kigoda akaanza kueleza. Alieleza vibaya, akarudi nyuma, akaanza tena. Felista aliendelea kusonga hata baada ya ugali kuiva, mwiko ukigonga sufuria, mpaka Tumpe alipofika kwenye neno theluthi. Hapo mwiko ukasimama.

"Kwa hiyo hayakuwa majani," alisema Felista.

"Hayakuwa majani, dada. Nisamehe."

"Nyuki." Aligeuka. "Unaniletea habari za nyuki?"

"Si nyuki peke yao. Ni mafuta, ni maboga, ni mbegu ya vitunguu. Miaka miwili mitatu hivi, mashamba yote ya..."

"Njaa ya mwakani ina watu wa kuisemea," Felista alimkatiza. "Wana midomo, wana mbunge, wana redio. Watoto wangu mimi hata kulia hawajajua. Pale ndani sasa hivi ninao sita. Mmoja ana uzito wa kuku. Nani atawasemea hao?"

Tumpe alikuwa amelitafuta jibu hilo njia nzima kutoka kiwandani.

Felista akachuchumaa mbele yake, wakawa macho kwa macho. Sauti yake ilishuka, na Tumpe hakuwahi kuisikia ikiwa chini kiasi kile.

"Sikuombi useme uongo, mdogo wangu. Nakuomba unyamaze. Kipupwe kipite tu. Baadaye fanya utakavyo, hata mimi nitakushikia ngazi."

"Alizeti inafungua wiki ijayo, dada."

"Najua inafungua wiki ijayo! Mimi nimezaliwa hapa!"

Alipakua. Wakakaa na sahani katikati yao, na ugali ukapoa. Usiku huo Tumpe alijigeuza kitandani, kila akifumba macho anaona duara jeusi lenye kingo za kumeremeta. Alijaribu kupima watoto sita kwa mizani moja na mashamba ya mikoa mitatu. Mizani haikukubali. Kila alipoweka mtoto upande mmoja alimwona ana kucha, ana nyusi. Kila alipoweka njaa upande wa pili ilikuwa na sura za watoto wengine, ambao hawajazaliwa na ambao Felista angekuja kuwapokea kwa mikono ileile.

*

Siku ya Tume walifunga turubai uani kwa kiwanda. Wakulima walialikwa, wauguzi walialikwa, na shule ilileta ngoma. Mwenyekiti wa Tume, Zaituni Lwambo, mama mtu mzima mwenye miwani mizito, alikaa mbele akipepea kwa kipande cha kadibodi. Kisuda alimtambulisha Tumpe kama mbunifu wa Rangi ya Saba, na watu wakapiga makofi. Alipompisha, alimnong'oneza, "Bado una nafasi ya kunyamaza."

Tumpe alishika meza kwa mikono miwili.

"Kabla hamjatia sahihi," alisema, "tazameni hii."

Akawasha picha mbili kwenye turubai jeupe nyuma yake. Ya kushoto ilikuwa ua la alizeti, ya kulia kigae, zote kwa macho ya nyuki. Akaeleza kwa maneno machache, bila kujitetea. Akasema nyuki wanaacha maua wanakuja kwenye mapaa, wanafia pale kwa uchovu na joto. Akasema mapepe ya mwaka jana hayakutokana na mbegu.

Kisha Njiku akasimama.

"Ulikuja shambani kwangu juzi," alisema. "Nikakuuliza umeona nini. Ukaniambia unapima."

"Niliogopa, Bwana Njiku."

"Na yule mzee wa mbegu niliyemtukana? Alikufa mwezi uliopita. Nikamwambie nini mimi?"

Hakungoja jibu. Kelele zililipuka nyuma yake. Mmoja akapaza sauti kwamba vigae vivunjwe leo leo, wengine wakaitikia. Ndipo mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akapaza yake juu ya zote: "Huyu alizaliwa na miezi sita! Vunjeni, lakini mniambie kwanza angekuwa wapi!" Watu wakageukiana wao kwa wao, jirani kwa jirani, na Tumpe aliyesimama mbele yao akasahaulika.

Mwenyekiti aligonga meza. Aliuliza dawa, akaambiwa. Aliuliza gharama ya dawa hiyo, na Tumpe akamwambia pia, saa nane za usiku na wodi ya njiti, akimtazama Felista aliyesimama nyuma kabisa na sare yake nyeupe. Felista hakupepesa macho.

"Nyumba za watu haziwezi kuigawia hospitali umeme?" Mwenyekiti aliuliza.

Kisuda ndiye aliyejibu. "Zinaweza, na kiwanda kitatoa betri zake zote. Lakini kuvuta waya na kubadili mitambo ni kazi ya mwezi, mama. Nikisema chini ya hapo nitakuwa muongo."

Zaituni Lwambo alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Sahihi haikutiwa siku hiyo. Aliamuru vigae vyote vya Singida vinyweshwe rangi nyeusi kabla maua hayajafunguka, kuanzia paa kubwa kuliko yote na lililo karibu zaidi na mashamba. Hakuhitaji kulitaja. Kila mtu pale alijua ni la hospitali.

*

Asubuhi iliyopangwa Tumpe alifika uani na mafundi na madumu ya rangi nyeusi, akamkuta Felista chini ya ngazi amefumbata mikono. Walikuwa hawajasemeshana tangu siku ya mkutano. Tumpe alikuwa akilala kiwandani. Mafundi walisimama, wakashusha madumu.

"Niambie ukweli," alisema Felista. "Leo betri zitajaa kiasi gani?"

"Leo vigae vitakuwa vinalowa, dada. Nusu tu. Kuanzia kesho, theluthi mbili."

"Nitapoteza mtoto?"

"Sijui," alisema Tumpe. "Huenda."

Felista alimtazama kana kwamba anatafuta mahali pa kumpiga. Kisha akajisogeza, ngazi ikawa wazi.

"Panda. Ukimaliza, njoo wodini."

Ilichukua kutwa nzima. Kigae kimoja kimoja walikifungua mdomo, wakakinywesha, wakakiziba, na rangi ya binzari ikageuka taratibu kuwa kama mkaa uliolowa. Nyuki walizunguka juu ya safu zilizobaki, wakizidi kujazana kadiri safu zilivyopungua, na kigae cha mwisho walikifunika hata fundi akasita kukigusa. Kigae hicho kiliponyweshwa, nao wakatawanyika. Tumpe alibaki amekaa kwenye mteremko mweusi, mgongo ukimuuma, akiangalia mashamba ya Mtinko kwa mbali. Alitarajia kuhisi nafuu. Alichohisi ni jua likishuka.

Wodini alikuta mambo yamebadilika. Vitanda vya joto vilikuwa vimezimwa vyote na kusukumwa ukutani. Akina mama walikuwa wamekaa nusu kulala kwenye magodoro, kila mmoja amefungwa mtoto wake kifuani kwa kitenge, ngozi kwa ngozi, kofia ndogo tu zikionekana. Felista alikuwa ameamua kwamba joto litoke miilini mwa watu, na umeme wote uliobaki uende kwenye mashine za hewa. Hakuwa ameomba ushauri wa mtu.

"Itatosha mpaka lini?" Tumpe aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wewe ndiye mtaalamu. Ikiwa nimehesabu vizuri, mpaka karibu na alfajiri. Ikiwa nimekosea, tutajua." Felista alimgeukia. "Nawa mikono mpaka viwikoni. Vua koti na blauzi."

"Dada?"

"Wamama ni watano. Watoto ni sita. Mama wa huyu yuko chumba cha upasuaji, ametoka damu nyingi, hajaamka. Ulitaka nimfunge kwenye kifua cha nani?"

Tumpe alinawa. Aliketi kwenye godoro la mwisho, na Felista akamlaza mtoto katikati ya kifua chake, akamkaza kwa kitenge, akampachika bomba la hewa puani. Alikuwa msichana. Hakuwa na uzito wa kitu. Tumpe alihisi joto lake kabla ya kuuhisi mwili wake, kisha akahisi moyo, mwepesi mno, kama kidole kinachogonga mlango kwa woga.

"Hawa wadogo husahau kupumua," Felista alisema, akifunga fundo. "Akisahau, usipige kelele, usimtikise. Msugue unyayo kwa kidole gumba. Mpaka akumbuke."

Mara ya kwanza ilikuja jua likiwa bado halijazama sawasawa. Kifua kile kidogo kilitulia. Tumpe alingoja kidogo, akidhani amekosea, halafu akaona midomo ya mtoto inabadilika rangi. Akaupapasa mguu chini ya kitenge, unyayo wenyewe mfupi kuliko kidole chake, akasugua. Hakuna kitu. Akasugua tena huku machozi yakimtoka bila sauti. Mtoto akashtuka, akavuta hewa, na moyo ule ukarudi mlangoni kugonga.

Usiku ulipita hivyo. Akina mama walisinzia kwa zamu, wakiamshana kwa viwiko. Mashine za hewa zilinguruma, zikapunguza sauti kadiri nguvu ilivyoisha, na Felista alitembea kati ya magodoro akizizima moja baada ya nyingine kwa watoto walioweza kujitegemea, ili zilizobaki zipate. Alipofika kwa Tumpe hakuizima. Alisimama hapo, akamgusa mtoto shingoni, akapita. Karibu na mapambazuko mashine zote zilinyamaza, na wodi ikabaki na pumzi za watu tu. Tumpe hakuthubutu hata kuinua kichwa. Kidole gumba chake kilikuwa kimekufa ganzi, lakini aliendelea kusugua hata pale mtoto alipokuwa akipumua vizuri, maana hakujiamini tena kutofautisha.

Jua lilipoligusa paa, mashine haikuwaka mara moja kama ilivyokuwa enzi za binzari. Ilikoroma, ikakata, ikakoroma tena. Kisha ikashika.

Felista aliwapitia watoto mmoja mmoja, akiweka sikio kwenye kila kifua. Wa tano alipomaliza alikuja kwa Tumpe, akapiga magoti, akasikiliza wa sita. Alisikiliza muda mrefu kuliko wengine. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa na msamaha ndani yake. Lakini aliushika mkono wa Tumpe, akaufungua vidole vilivyokuwa vimekakamaa, akavinyoosha kimoja kimoja.

"Yupo," alisema. "Mama yake naye ameamka. Nampeleka kwake."

Akamfungua mtoto kifuani mwa Tumpe, akamfunika. Ubaridi wa asubuhi ukampiga Tumpe pale mtoto alipokuwa.

"Kalale," alisema Felista akiwa mlangoni. "Saa kumi na mbili jioni uwe hapa. Bado kuna mwezi mzima wa usiku kama huu, mpaka waya za nyumba za watu zifike."